Muyaka bin Haji na Wanyama wa Mafumbo: Malenga wa Mvita na Njia ya Gazi

Utangulizi

Mnyama ana nafasi yake ya kudumu katika burudani ya Waswahili. Mtoto humkuta kwanza katika kitendawili na katika vitanza ndimi, kisha katika ngano za sungura na fisi. Mtu mzima naye humkuta katika methali, katika nyimbo za harusi na katika mashairi ya mafumbo. Kwa kuwa hupatikana kila mahali, mnyama wa nyimbo amehesabiwa na baadhi ya wasomaji kuwa ni jambo la mzaha tu, lisilostahili kuwekwa pamoja na tungo za dini na za hekima. Maisha ya Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, malenga wa Mombasa, yanaipinga hesabu hiyo. Katika mji wake mzaha ulikuwa na kazi, fumbo lilikuwa na shabaha, na samaki aliyeimbwa barazani aliweza kusema ambayo mtu mwenye jina na nasaba asingethubutu kuyasema.

Makala haya yanayafuata maisha ya malenga huyo kwa kuzingatia matumizi ya wanyama na ya maneno yenye maana zaidi ya moja. Yanaanzia Mombasa ya maliwali wa Kimazrui na kufika hadi mwaka wa 1837, ambapo jamaa ya watawala hao ilitawanyika, baadhi yao wakaelekea Takaungu upande wa kaskazini, na wengine wakashika njia ya kusini hadi Gazi, katika nchi ya Wadigo, ambayo leo imo katika Kaunti ya Kwale. Njia hiyo ya Gazi ina umuhimu katika kumwelewa Muyaka, kwa sababu inaonyesha uzito wa mambo yaliyokuwa yakichezewa kwa maneno.

Kuzaliwa na Mazingira Yake

Muyaka alizaliwa Mombasa mnamo mwaka wa 1776. Wakati huo Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka wa 1593, ilikuwa tayari imetoka mikononi mwao tangu mwaka wa 1698. Wamazrui walikuwa wamewekwa Mombasa kuwa maliwali kwa niaba ya Oman. Ukoo wa Albusaidi uliposhika utawala wa Oman katika miaka ya 1740, Wamazrui walikataa kuutambua, wakaitawala Mombasa kwa amri yao wenyewe. Hivyo Muyaka alizaliwa katika mji uliokuwa huru kwa vitendo, lakini ambao uhuru wake haukukubaliwa na yule aliyejiona kuwa ndiye mwenye mji.

Wenyeji wa mji huo walijipanga katika makundi mawili, yaani Thelatha Taifa na Tisa Taifa. Kila upande ulikuwa na mafungamano yake na watu wa bara, wakiwamo Wadigo na Waduruma wa upande wa kusini. Liwali hakuweza kutawala bila ya ridhaa ya mataifa hayo, na ridhaa ilitafutwa kwa mazungumzo. Ndiyo maana baraza lilikuwa na nguvu. Jambo lilipoamuliwa ngomeni, lilipimwa tena barazani, na mara nyingi kipimo kilikuwa shairi.

Mji wenyewe ulikuwa na majina ambayo washairi waliyapenda. Uliitwa Mvita, na sikio la Mswahili halikushindwa kusikia vita ndani ya jina hilo. Uliitwa pia Kongowea na Gongwa. Kutaja jina moja badala ya jingine kulikuwa tayari ni kuchagua maana, na Muyaka alikuwa hodari wa kuchagua.

Kutoka Utenzi hadi Shairi

Kabla ya Muyaka, kazi kubwa za ushairi wa Kiswahili zilizotufikia zilikuwa kwa sehemu kubwa za dini na mawaidha. Utenzi wa Tambuka, unaosimulia vita vya Waislamu na mfalme Herekali, una tarehe ya mwaka wa 1728. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Nasir wa Pate, inayoiangalia dunia kwa jicho la mtu aliyezindukana, ni ya kizazi kilichomtangulia Muyaka. Watunzi wa aina hiyo waliuelekeza ushairi kwa msomi na kwa mcha Mungu.

Muyaka aliuelekeza kwingine. Alishika shairi la mishororo minne, kila mshororo ukiwa na mizani kumi na sita iliyogawika katika vipande viwili vya nane, akalifanya kuwa chombo cha mazungumzo ya kila siku. Alitunga juu ya siasa na vita, dhiki ya fedha, mapenzi, ndoa na usaliti wake, urafiki na kuvunjika kwake. Wahakiki wamekubaliana kwamba ni yeye aliyeutoa ushairi msikitini akauingiza sokoni. Kauli hiyo isieleweke kwamba aliidharau dini, kwani tungo zake zina imani ya Mwislamu wa zama zake. Maana yake ni kwamba alimpa mchuuzi, nahodha na mpita njia haki ya kuwa hadhira, na hadhira ya namna hiyo ilihitaji kuchekeshwa kabla ya kufundishwa.

Mnyama Barazani

Miongoni mwa tungo zake zinazojulikana zaidi ni ile ambamo msemaji si mtu, bali ni taza, samaki wa baharini. Samaki huyo anajitambulisha kwa majigambo makubwa. Anadai kwamba majini yeye ndiye muuaji, kwamba akikamata amekamata, na kwamba walaji wamemshindwa. Anajinasibisha na simba, ingawa makao yake ni maji. Kisha anawataka wasiomjua wamjue.

Kwa mtu asiye na mazoea ya baraza, utungo huo ni kichekesho cha samaki mwenye maringo. Kwa watu wa Mombasa ulikuwa na tabaka zaidi ya moja. Ungeweza kusomwa kuwa ni majigambo ya malenga mwenyewe mbele ya washindani wake, kwa maana kwamba bahari ya maneno ndiyo makazi yake na anayeingia humo ajihadhari. Ungeweza kusomwa vilevile kuwa ni sauti ya kisiwa kizima, mji uliozungukwa na maji, ambao adui zake walikuja kwa majahazi na kurudi walikotoka. Fumbo halimlazimishi msikilizaji kuchagua. Linampa mshairi mlango wa kutokea, kwani akiulizwa na mwenye mamlaka alikusudia nani, anaweza kujibu kwamba alikuwa akisema habari za samaki.

Hapo ndipo ulipo ufundi wa kumtumia mnyama. Katika ngano, mnyama huiga tabia ya watu kwa ajili ya funzo la jumla. Katika shairi la malumbano, mnyama humvaa mtu mahususi au upande mahususi, na wasikilizaji hupata raha ya kumtambua bila ya kuambiwa. Kicheko kinachofuata si cha bure, kwa kuwa anayecheka amekwisha kuonyesha kwamba amefahamu, na aliyefahamu amekwisha kuingia katika upande mmoja wa hoja.

Sikio la Kimvita

Muyaka alitunga kwa Kimvita, na uchezaji wa maneno katika lahaja hiyo hauwezi kuelezwa pasi na kuyataja matamshi yake. Kimvita hutofautisha konsonanti zitamkwazo kwa mpumuo na zile zisizo na mpumuo. Paa la nyumba halina mpumuo, ilhali paa, mnyama wa porini, anao. Kaa la moto halina mpumuo, ilhali kaa wa pwani anao. Pamoja na hayo, kuna kitenzi kupaa chenye maana ya kwenda juu, na kingine chenye maana ya kumtoa samaki magamba. Kuna pia kitenzi kukaa, chenye maana ya kuketi na ya kuishi mahali.

Hati za Kiarabu, ambazo ndizo zilizotumiwa kuandikia Kiswahili katika zama hizo, hazikuonyesha tofauti hiyo ya mpumuo. Kwa hiyo neno moja lililoandikwa karatasini liliweza kumpeleka msomaji porini, darini au jikoni. Aliyesikia shairi likighaniwa alikuwa na msaada wa sikio. Aliyelisoma kimya alibaki na mantiki ya ubeti peke yake. Jinasi ya Kiswahili cha pwani ilistawi katika nafasi hiyo iliyo kati ya jicho na sikio. Mshairi mahiri aliweza kumpoteza msomaji makusudi, akamrudisha njiani kwa neno la mwisho la mshororo.

Wanyama walifaa sana kwa mchezo huo kwa sababu walijulikana na wote. Kaa wa mikokoni, kwa mfano, huchimba shimo lake matopeni, hutoka maji yanapokupwa, na hutoweka papo hapo asikiapo mtikiso wa hatua. Mtu aliyekulia kando ya hori za Mombasa hakuhitaji kuelezwa habari zake, wala hakuhitaji kuelezwa aliyekulia katika ghuba ya Gazi, ambako mikoko imetanda hadi karibu na nyumba za watu. Mikoko hiyohiyo ilitoa boriti zilizobeba mapaa ya nyumba za mawe na kupakiwa majahazini kwenda Arabuni. Lugha ya mafumbo ilitokana na mambo ya mikononi na miguuni mwa watu. Ndiyo sababu ilieleweka kwa upesi, na ndiyo sababu iliuma.

Vita na Malumbano

Utu uzima wa Muyaka ulikuwa wakati wa misukosuko. Mnamo mwaka wa 1812 au 1813, majeshi ya Mombasa na Pate yalishindwa vibaya na watu wa Lamu huko Shela. Ushindi huo uliwafanya watu wa Lamu waombe hifadhi ya Sayyid Said bin Sultan wa Oman, na tangu hapo mkono wa Albusaidi ulianza kuikaribia Mombasa. Vita hivyo vilikuwa na upande wake wa maneno. Washairi wa Mombasa na wa Lamu walijibizana kwa tungo, na Bwana Zahidi Mngumi, kiongozi wa Lamu, alikuwa miongoni mwa waliosimama upande wa pili. Shairi lilisafiri chomboni pamoja na bidhaa, likasomwa mbele ya watu, na jibu likarudi kwa kusi au kwa kaskazi.

Hata watawala walizungumza kwa mafumbo. Masimulizi yanaeleza kwamba Abdallah bin Ahmad aliposhika uliwali mwaka wa 1814 na kudaiwa utii na Sayyid Said, alimpelekea vazi la chuma la vitani, kibaba cha kupimia nafaka, baruti kidogo na risasi. Hakukuwa na haja ya maelezo. Katika mji ambamo liwali hujibu kwa kibaba na baruti, si ajabu kwamba malenga alijibu kwa samaki.

Yaliyofuata yalikuwa mfululizo wa mashambulizi na subira. Wamazrui waliipoteza Pemba mnamo mwaka wa 1823. Mwezi wa Februari mwaka wa 1824, Kapteni Owen wa jeshi la majini la Uingereza aliiweka Mombasa chini ya bendera ya nchi yake, lakini serikali ya Uingereza haikuuridhia mpango huo, na ulinzi huo ukaondolewa mwaka wa 1826. Mwaka wa 1828 Sayyid Said alifika na merikebu zake, akaingiza askari ngomeni. Watu wa Mombasa waliwazingira askari hao hadi wakatoka kabla ya mwaka kwisha. Mashambulizi mengine yalifuata, na lile la mwaka wa 1833 halikufanikiwa. Kila adui aliporudi nyuma, majigambo ya mnyama wa majini yalizidi kupata maana.

Inafaa kusisitiza kwamba Muyaka hakuwa mtazamaji wa mbali. Alikuwa karibu na watawala, akautetea upande wao kwa ulimi, na jina lake lilifungamana na heshima yao. Aliyejigamba kwa niaba ya mji alijua kwamba siku mji utakaposhindwa, majigambo yake yatakumbukwa na adui kabla ya rafiki.

Mwaka wa 1837 na Njia ya Gazi

Mombasa haikushindwa kwa mizinga peke yake. Liwali Salim bin Ahmad alifariki mwaka wa 1835, na jamaa yake wakagombea urithi wa kiti. Wahenga walikwisha kuonya kwamba panya wengi hawachimbi shimo, na methali hiyo ya mnyama mdogo inaieleza hali ya Mombasa ya miaka hiyo kwa usahihi kuliko maneno mengi. Baadhi ya wenyeji walichoshwa na ugomvi, wakaelekeza nyuso zao kwa Sayyid Said. Mwanzoni mwa mwaka wa 1837 aliingia mjini, safari hii bila ya kupingwa kama ilivyokuwa zamani. Rashid bin Salim, liwali wa mwisho wa Kimazrui, pamoja na wakubwa wenzake wapatao ishirini na watano, walikamatwa na kupelekwa Bandar Abbas, katika Ghuba ya Uajemi. Hawakurudi.

Waliookoka walitawanyika. Kundi moja lilijiimarisha Takaungu. Kundi la pili lilikwenda kusini, likapata makao Gazi, kiasi cha kilomita hamsini kutoka Mombasa, kati ya Wadigo na wavuvi wa pwani hiyo. Waliokuwa wakisikilizwa ngomeni sasa walitafuta mahali pa kukaa. Gazi ilikuwa na maji ya kutosha kwa majahazi, mikoko ya kukatwa boriti, mashamba nyuma yake, na vilima ambavyo mtu angeweza kujihifadhi. Humo ndimo ulimoendelea upinzani wa tawi la kusini.

Mbaruk bin Rashid, mwana wa liwali yule wa mwisho, ndiye aliyelifanya jina la Gazi livume. Kutoka Gazi na kutoka boma lake la Mwele, lililokuwa ndani zaidi upande wa bara, aliusumbua utawala wa Zanzibar mara kadhaa katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa. Ugomvi wa urithi wa Takaungu wa mwaka wa 1895 ulipogeuka kuwa vita na Waingereza, yeye aliingia upande wa jamaa zake. Boma la Mwele lilitekwa mwezi wa Agosti mwaka huo. Mwezi wa Aprili mwaka wa 1896, Mbaruk na wafuasi wake walivuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani. Alifariki Dar es Salaam mwaka wa 1910. Kwa hiyo jambo lililotungiwa mafumbo na Muyaka, yaani nani ana haki ya kukaa Mombasa na kuitawala, halikukatika hadi zaidi ya nusu karne baada ya malenga kuzikwa.

Muyaka mwenyewe alifariki mnamo mwaka wa 1840, katika mji ambao bendera yake ilikuwa imebadilika. Miaka yake ya mwisho ilipita chini ya watu aliowatungia tungo za kuwapinga.

Kukusanywa kwa Tungo

Mshairi wa upande ulioshindwa ana hatari mbili: kunyamazishwa na walioshinda, na kusahauliwa na waliotawanyika. Tungo za Muyaka ziliepuka zote mbili kwa sababu watu walizipenda. Walizihifadhi vichwani wakazisema katika mazungumzo, hata wale ambao mababu zao hawakuwa upande wa Wamazrui. Samaki mwenye maringo hakuwa na kosa mbele ya liwali mpya, na utani wa ndoa au wa ukosefu wa fedha ulimfaa kila mtu.

Mnamo mwaka wa 1880 aliwasili pwani William Ernest Taylor, mmisionari wa Kiingereza aliyejifunza Kiswahili cha Mombasa kwa bidii kubwa na kuchapisha mkusanyo wa methali za Waswahili mwaka wa 1891. Alifanya kazi pamoja na Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, msomi na mshairi wa Mombasa, aliyezikusanya tungo za Muyaka kutoka kwa wazee na kuzifafanua. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka wa 1890. Bila ya kumbukumbu yake, sehemu kubwa ya diwani hiyo isingelijulikana leo. Taylor, kwa upande wake, alizingatia sana matamshi, na katika maandishi yake alijitahidi kuzionyesha konsonanti zenye mpumuo. Karatasi zake zimehifadhiwa katika Chuo cha Taaluma za Mashariki na Afrika, London. William Hichens aliihariri diwani ya Muyaka, ikachapishwa Johannesburg mwaka wa 1940, na Mohamed H. Abdulaziz akatoa uchambuzi wake mpana, pamoja na tungo zenyewe, Nairobi mwaka wa 1979.

Hitimisho

Maisha ya Muyaka bin Haji yanadhihirisha kwamba burudani na siasa havikuwa na vyumba tofauti katika baraza la Waswahili. Mnyama wa shairi lake alichekesha kwanza, akatetea mji, kisha akaibeba kumbukumbu ya mji huo baada ya wenyewe kuhamia Gazi na Takaungu. Wanaozidharau tungo za mafumbo na za mzaha kwa madai kwamba hazina uzito wanapaswa kuzingatia kwamba ndizo zilizodumu vichwani mwa watu kwa miaka arubaini na zaidi kabla ya kuandikwa kwa utaratibu.

Hata hivyo, liko jambo linalohitaji kutendwa. Maandishi ya Kiswahili sanifu hayaonyeshi mpumuo, na msomaji wa leo, hasa aliye mbali na pwani, humsoma Muyaka kama vile paa na paa ni neno moja, na kaa na kaa vilevile. Sehemu ya mchezo humpotea bila ya yeye kujua. Wapo bado wazungumzaji wa lahaja za pwani ambao masikio yao hayajaipoteza tofauti hiyo. Inapendekezwa kwamba vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vizirekodi tungo za diwani hiyo zikighaniwa na wazungumzaji wa namna hiyo, na kwamba rekodi hizo ziwekwe katika maktaba za vyuo karibu na vitabu vyenyewe. Mwalimu Sikujua aliifanya kazi ya zama zake kwa kalamu. Kazi iliyobaki ni ya sikio, na wanaoweza kuifundisha wanazidi kupungua.